Kisu Kinachojiinamisha: Mtazamo wa Kwanza wa hyperMILL

Hukumu naitoa mapema kwa sababu siwezi kuikalia: kama una mashine ya CNC ya mihimili mitano, au unapanga kuinunua, na kazi zako ni impela za pampu, kalibu za plastiki, mapanga ya turbaini au kipande chochote chenye mifereji ya kina na kuta zilizopinda, basi hyperMILL iwe programu ya CAM, yaani ya kukokotoa njia za kisu, ya kwanza kuomba uoneshwe. Nimeketi nayo, nimeipa kazi ngumu kwa makusudi, na bado mikono inaniwasha nikiandika haya. Nimezipenda programu nyingi za uchongaji katika maisha yangu. Hii imenitoa kitini!

Kazi niliyoichagua ni impela, kwa sababu impela haimwonei mtu huruma. Aliyewahi kufungua pampu ya maji anaijua: gurudumu lenye mapanga yaliyopinda, na kati ya panga na panga mfereji mwembamba unaojisokota kuelekea kitovuni. Sehemu ya ndani ya mfereji imefunikwa na panga lenyewe. Mashine ya mihimili mitatu, ambayo kisu chake hubaki wima daima, haifiki huko hata ufanyeje. Kisu lazima kilale upande, tena lazima kibadilishe mwinamo wake kila kinaposogea, maana pembe iliyokuwa salama mdomoni mwa mfereji inagonga panga la jirani milimita chache mbele.

Sasa tazama. Unaionesha programu sakafu ya kitovu, uso wa panga na ukingo wake. Kazi za impela zimeshapangwa humo tayari: kwanza kuondoa nyama nyingi kati ya mapanga, kisha kusafisha sakafu, kisha kumalizia mapanga, ama kwa ncha ya kisu mstari kwa mstari, ama kwa ubavu wake kwa mkato mmoja mrefu. Nikachagua kisu kifupi kinene kuliko ambavyo ningethubutu kwingine, nikaweka umbali wa usalama kati ya kishikio na kipande, nikabonyeza kukokotoa. Kisu kikaingia mferejini. Kishikio kikalikaribia panga la jirani, na kabla hakijaligusa kikajiinamisha, kikapita, kikarudi taratibu kwenye pembe yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Sikukiambia kifanye hivyo. Niliirudia sehemu ile, nikaizungusha modeli, nikaitazama kutoka chini, nikaitazama kutoka ubavuni. Mwendo ni laini kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kwa nini nimeshangilia ufupi wa kisu? Kwa sababu hapo ndipo fedha zinapopotea. Fundi asiye na uwezo wa kuinamisha kisu hukirefusha ili kishikio kisiguse ukuta, na kisu kirefu hupinda. Kanuni yake ni kali: ukirefusha sehemu inayochomoza mara 2, kupinda kunaongezeka mara 8 kwa nguvu ileile ya kukata. Kisu kinatetemeka, kinapiga kelele, kinaacha mawimbi kwenye uso, na mwendo unalazimika kupunguzwa. Mihimili mitano pamoja na programu inayojua kukwepa yenyewe inakuruhusu kukifupisha kisu kile hadi kiwe imara kama kisiki, na kazi iliyokuwa ya kuvizia inakuwa ya kukata kwa ujasiri.

Niseme neno moja kwa anayeanza. Si kila kazi ya mihimili mitano inahitaji mihimili yote icheze kwa wakati mmoja. Kazi nyingi za karakana ni zile mafundi wanazoziita tatu jumlisha mbili: meza inainama na kuzunguka, inafungwa kwenye pembe hiyo, kisha kisu kinachonga kwa mihimili mitatu ya kawaida. Kipande kinafungwa kwenye jiliwa mara moja na kuchongwa pande tano, bila kukitoa, kukigeuza na kukitafutia tena sifuri yake, na kila kugeuza kunakoepukwa ni kosa linaloepukwa. Kazi hizi hufanywa vizuri na programu nyingi, zikiwemo za bei ndogo. Ukinunua hyperMILL ili tu kutoboa mashimo ya pembeni, umenunua nguvu usizozihitaji. Inapofika mihimili yote mitano kucheza pamoja, hapo programu zinaachana, na zinaachana kwa mbali.

Nije kwenye kitu kilichoninyima usingizi: visu vya pipa. Kisu cha kawaida cha kumalizia nyuso zilizopinda kina ncha ya mpira, na kila mstari wake unaacha kituta kidogo kati yake na mstari unaofuata. Ukitaka uso laini unasogeza mistari karibu, na ukiisogeza karibu unasubiri hadi usiku. Kisu cha pipa kina ubavu uliochongwa kama kipande cha tao la duara kubwa mno, kubwa kuliko kisu chenyewe mara nyingi. Hesabu yake inafanyika hata kwa kalamu, kwa sababu urefu wa kituta ni takribani mraba wa hatua kati ya mistari, ukigawanywa kwa mara 8 ya nusu kipenyo cha tao linalokata. Chukua kisu cha mpira cha kipenyo cha milimita 10, yaani nusu kipenyo cha milimita 5, na useme vituta visizidi mikromita 5. Hatua yako ni karibu milimita 0.45. Weka kisu cha pipa chenye tao la nusu kipenyo cha milimita 250, vituta vilevile, na hatua inaruka hadi karibu milimita 3.2. Mara saba! Ukuta wa kimo cha milimita 100 uliohitaji mistari kama 224 sasa unahitaji kama 32, na uso unaotoka ni uleule.

Visu hivi vinauzwa na watengenezaji wengi wa visu, lakini kisu bila programu inayokielewa ni chuma cha mapambo. Tao kubwa namna ile halina msamaha: likilazwa kwa pembe isiyo sawa, ukingo wake unachimba ukuta. Lazima programu ijue umbo halisi la kisu, itafute pembe ambayo tao linagusa uso kwa usahihi, iishike pembe hiyo kwenye kila nukta ya njia, na papo hapo ihakikishe kishikio hakigusi chochote. OPEN MIND Technologies, kampuni ya Kijerumani iliyoanzishwa mwaka 1994 na yenye makao yake Wessling karibu na Munich, imeisukuma mbinu hii kwa bidii kubwa katika hyperMILL, na unaiona bidii hiyo. Unachagua ukuta, unachagua kisu cha pipa, unaiacha programu itafute mwinamo. Programu nyingine nazo zimeanza kuvipokea visu hivi, na nazipongeza. Lakini kwa wepesi wa kutoka kwenye modeli hadi kwenye njia ninayoweza kuiamini, sijaona inayoikaribia.

Mpaka hapa nimezungumzia njia za kisu, na njia za kisu ndizo zinazopamba kila onesho la mauzo. Kinachoamua kama mashine itachonga au italia kiko mbali na picha zile nzuri: ni postiprosesa, au posti kama wengi wanavyoifupisha. Ndicho kipande cha programu kinachochukua njia iliyokokotolewa na kuiandika kwa lugha ya mashine yako hasa. Wazo hili ni la zamani kuliko wengi wetu. Lugha ya APT, iliyoendelezwa MIT nchini Marekani chini ya Douglas Ross na kuoneshwa hadharani mwaka 1959, ilishatenganisha mambo haya mawili: kwanza kokotoa kisu kiwe wapi na kielekee wapi, kisha mpe mfasiri wa kila mashine aandike amri zake. Zaidi ya miaka 60 baadaye bado tunafanya hivyo, na bado mfasiri mbaya anaharibu hotuba nzuri.

Ugumu unatoka kwenye umbo la mashine. Kuna mashine ambazo meza inainama na kuzunguka, kuna ambazo kichwa kinainama na meza inazunguka, na kuna kubwa ambazo mizunguko yote miwili iko kichwani. Mwendo uleule wa ncha ya kisu unageuka kuwa namba tofauti kabisa katika kila moja. Kontrola za kisasa, yaani kompyuta zinazoendesha mashine, zinasaidia kwa amri ya kufuata ncha: G43.4 kwa Fanuc, TRAORI kwa Siemens, M128 kwa Heidenhain, G234 kwa Haas. Amri hiyo ikiwashwa, programu inaandika ncha iwe wapi na kisu kielekee wapi, na kontrola yenyewe inapiga hesabu ya kusogeza mihimili. Mashine isiyo na amri hiyo inakulazimisha kuiambia posti kila umbali kutoka kitovu cha mzunguko, na ukikisogeza kipande hata kidogo mezani, namba zote zinaandikwa upya. Ukienda kununua mashine iliyotumika, uliza kuhusu amri hiyo kabla hujauliza rangi yake.

Na usahihi wa vitovu vya mzunguko? Chukua kosa la nyuzi 0.01 tu kwenye meza, na kipande kilicho milimita 200 kutoka kitovuni. Ncha inakosea kwa karibu milimita 0.035. Kwa mlango wa geti hiyo si kitu, kwa kalibu ni kalibu iliyotupwa. Hakuna programu inayoponya mashine ambayo haijapimwa.

Ndiyo maana sehemu ya hyperMILL inayoitwa VIRTUAL Machining imenivutia kuliko hata impela. Uigaji wa programu nyingi huonesha njia ya ndani, kabla posti haijaigusa. Unatazama mwendo mzuri kwenye skrini, kisha posti inaandika kitu kingine, na mashine inafanya kile posti ilichoandika. Hapa uigaji unasoma msimbo wenyewe wa G, yaani amri za mashine zilizotoka kwenye posti, ukiwa na nakala ya kidijitali ya mashine yako: mihimili yake, mipaka ya mwendo wake, meza, kichwa, jiliwa. Ikiwa mhimili wa C utafika kikomo katikati ya mkato, unaona hilo kwenye skrini. Ikiwa mwinamo unaweza kufikiwa kwa njia mbili, programu inatafuta ile isiyogonga kikomo. Hata ule ugonjwa mashuhuri wa mihimili mitano, pale kisu kinapokaribia kuwa sambamba na mhimili wa mzunguko na meza kulazimika kupiga nusu duara ghafla ili kufuata badiliko dogo la pembe, unauona kabla haujaacha alama kwenye kazi ya mteja. Nilikaa nikitazama meza ya kidijitali ikizunguka na namba zikishuka mstari kwa mstari kando yake, na nikajua kwamba hiki ndicho ningekilipia.

Wengi wenu mmeona ile video ya kampuni ya Daishin ya Japani ikichonga helmeti ya pikipiki kutoka kipande kimoja cha alumini kwa mashine ya mihimili mitano. Maranda yanaruka, kisu kinazunguka kidevu na macho, na mwisho kinatoka kitu kinachong'aa. Watu huitazama na kuisifu mashine. Itazameni tena mkikitazama kisu tu, mwone jinsi kinavyobadilisha mwinamo bila kusita. Kila mwinamo ule ulikokotolewa na programu kabla spindo haijaanza kuzunguka.

Vipi kuhusu wapinzani? Mastercam, ya kampuni ya Kimarekani iliyoanzishwa mwaka 1983 na kununuliwa na Sandvik mwaka 2021, ina watumiaji wengi mno, na wingi huo ni mali: ukikwama, kuna aliyekwama kabla yako. NX ya Siemens ni jabali kwa kampuni kubwa inayotaka usanifu na uchongaji viishi nyumba moja. PowerMill, iliyotoka kwa Delcam ya Uingereza kabla Autodesk hawajainunua kampuni hiyo mwaka 2014, bado ni fahari ya watengeneza kalibu. SolidCAM ni rafiki mkubwa wa wanaoishi ndani ya programu ya usanifu ya SOLIDWORKS. Na jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti: programu nyingi sokoni hutumia ndani yake vijenzi vya ModuleWorks ya Aachen kwa njia zake za mihimili mitano, kwa hiyo usishangae menyu mbili za kampuni tofauti zikifanana.

Moja tu naipa aya yake, kwa sababu ni mlango wa wengi: Autodesk Fusion. Wanafunzi na walimu wanaostahili hupata leseni ya elimu bila malipo, na posti zake zimeandikwa kwa JavaScript, wazi kabisa, unazifungua, unazisoma, unazirekebisha. Kama uko chuo cha ufundi Dar es Salaam, Nairobi au Kampala na hujawahi kuona posti kwa ndani, hii ndiyo shule yako, anza leo. Lakini uelewe mipaka: leseni ya bure ya matumizi binafsi haina mihimili mitano na imenyimwa miendo ya haraka, na mihimili mitano inayocheza pamoja inahitaji nyongeza ya kulipia juu ya Fusion ya kibiashara. FreeCAD, programu huria ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024, naipenda kwa moyo wote kwa uhuru wake, ila kwa impela yenye mapanga yaliyofunikana bado sitaishauri.

Sasa bei. hyperMILL si ya kununua kwa kujaribu bahati. Inauzwa kwa vifurushi, kila kundi la uwezo na malipo yake, na juu yake kuna matengenezo ya kila mwaka, posti ya mashine yako na mafunzo. Inataka kompyuta ya Windows yenye nguvu. Vidirisha vyake vimejaa vichupo, na kila kichupo kimejaa maswali, kwa hiyo anayekuja kutoka kwenye programu nyepesi atahema mwanzoni. Mimi nilivipenda upesi, kwa sababu kila swali lina maana kwa kisu: unaanzia wapi, unaingiaje, unatokaje, unakwepa vipi. Pia si lazima uhame nyumba. Inafanya kazi ndani ya SOLIDWORKS au Inventor, na ina programu yake yenyewe ya usanifu, hyperCAD-S, kwa asiye na chochote. Mtu mwenye karakana ya mihimili mitatu inayochonga mabati na vibao vya alumini abaki alipo na anunue visu bora zaidi kwanza. Mwenye mashine ya mihimili mitano inayolala kwa sababu programu yake inaogopa kuinama, huyo anapoteza kila siku anayochelewa.

Kwa hiyo ndugu fundi, ukialikwa kwenye onesho la hyperMILL au la mpinzani wake yeyote, usikubali impela ya muuzaji. Peleka kipande chako mwenyewe, kile kilichokutesa, pamoja na jina kamili la mashine yako na toleo la kontrola yake. Mwombe akichonge mbele yako kwa kisu kifupi. Mwombe akuoneshe msimbo uliotoka kwenye posti, mstari wa amri ya kufuata ncha ukiwemo. Mwulize nani ataitengeneza posti ikikosea, kwa muda gani na kwa gharama gani, na upewe jibu kwa maandishi kabla hujasaini. Nimewauliza maswali haya wauzaji wa programu kadhaa. Mpaka sasa, fedha zangu ningeziweka kwenye hyperMILL.